Piano ya kwanza ya nyumbani, Mombasa: P-45, P-145, FP-10 au CDP-S110?

MamaZ_Tudor

Jamani salaam. Binti yangu ana miaka 9, amesoma piano mwaka mzima kwa mwalimu, na nyumbani hufanya mazoezi kwenye kibodi ya babake ya vibonye 61, ile yenye midundo mia na taa za kumetameta. Juzi mwalimu ameniita kando. Kasema mtoto nota anazijua, lakini akikalia piano ya kweli sauti haitoki, vidole vinaparaza juu juu tu kwa sababu nyumbani amezoea vibonye vyepesi kama karatasi. Nitafute ya vibonye 88 vyenye uzito.

Na mimi nisiwafiche, nataka kujifunza pia, usiku watoto wakishalala.

Bajeti elfu 80, stendi ikiwa humo humo. Tunakaa Tudor ghorofa ya tatu, lifti hakuna, dirisha la sebuleni linatazama maji, na stima ikiamua kupotea hupotea. Nimesoma maoni mpaka macho yamewasha. Kila mtu anasifu chake. Kwangu mimi zote ni ubao mweusi wenye meno. Aliyezipiga aniambie tofauti iko wapi kidoleni, ya kwenye karatasi nimeshasoma.

Bamburi_Usiku

Roland FP-10. Uzi ufungwe.

MwalimuWaNota

Usifungwe kwanza, Bamburi.

Mama Z, mwalimu wa mtoto kasema kweli. Ndani ya piano hizi, nyuma ya kila kibonye pana kijinyundo. Ukibonyeza unakiinua, na huo uzito ndio unaofundisha kidole. Upande wa kushoto, kwenye sauti nene, vibonye ni vizito zaidi, na hupungua uzito kadiri unavyokwenda kulia, kama ilivyo kwenye piano ya nyuzi. Kibodi ya babake ina springi tu. Springi haimfundishi mtu kitu.

Sasa tuje kwenye hizo nne. P-45 ya Yamaha ilitoka 2015 na imefundishia watoto wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sauti 10, kilo 11 na nusu, kitufe kimoja na cha kuwashia, basi. Vibonye vyake wenyewe Yamaha huviita GHS. Mwaka 2023 ikaja P-145 kushika nafasi yake. Ni nyembamba zaidi, na vibonye ni vya aina mpya waliyoiita GHC. Kwa kidole changu GHC ni vyepesi kidogo kuliko GHS, na kuna wanaolalamikia hilo. Casio CDP-S110 ndiyo nyembamba kuliko zote, kina chake sentimita 23 hivi, inaingia mpaka juu ya meza ya kusomea. FP-10 ya 2019 ina vibonye bora kuliko zote hizo, hapo Bamburi hakukosea. Kila kibonye kina sensa 3 badala ya 2, kwa hiyo unaweza kuirudia nota kabla kibonye hakijapanda mpaka juu. Ukibonyeza polepole sana utasikia kijikwaruzo kabla ya kufika chini, kama kwenye piano kubwa. Na uso wake una ukavu fulani, hauutelezeshi mkono wenye jasho. Kwa joto letu la Februari, hilo si dogo.

Kuhusu polifoni, maana najua utaulizwa dukani: ni idadi ya nota zinazoweza kulia kwa pamoja kabla mashine haijaanza kuzikata za zamani. P-45, P-145 na CDP-S110 zina 64, FP-10 ina 96. Mtoto wa miaka 9 hatazimaliza 64. Wewe pia hutazimaliza mwaka huu, nisamehe.

Ukienda dukani fanya hivi. Chagua kibonye cha katikati ukishushe polepole mno, kama unayemfunika mtoto aliyelala. Sauti isitoke, au itoke ya mbali kabisa. Halafu kile kile ukipige kwa nguvu. Baina ya hizo mbili ndimo muziki ulimo. Kama zote mbili zimetoka sawa, rudisha mkono mfukoni.

Nyali_Kwaya

Mwalimu nakuheshimu, lakini mnamtisha mama wa watu. Mimi nimepigia kwaya miaka 11 kwenye vibonye 61 na hakuna aliyekufa. Kwa elfu 80 anapata kibodi yenye midundo, rekodi, sauti mia tano, na chenji ya kula biriani.

MwalimuWaNota

Kwaya unaipigia chodi, na unazipiga vizuri, sikatai. Huyu mtoto anasoma piano. Na kama huko mbele atafanya mitihani ya ABRSM, ile bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, wao piano ya dijitali wanaikubali ila wanataka vibonye vya ukubwa kamili, vyenye uzito, vinavyofuata nguvu ya mkono, na pedali. Za 61 hazimo. Kuna kibodi za bei ya chini ambazo hata nguvu ya mkono hazisikii kabisa, PSR-F51 ya Yamaha kwa mfano. Upapase au uchape, sauti ni ile ile.

Nyali_Kwaya

Haya. Basi atazame na Korg B2. Spika zake ni wati 15 kila upande, wakati P-45 na FP-10 ni wati 6 kila upande. Sebule yenye feni inayopiga kelele, utaiona tofauti.

MgeniLikoni

Na ile piano ya mbao ya kizamani? Kuna mtu Kizingo anauza, ya nyuzi, bei ni chini hata ya P-45.

FundiWaMakupa

Mgeni, hiyo bei ni mtego, itakula mara tatu yake. Nimefungua mbili za namna hiyo. Hewa yetu ina unyevu na chumvi. Mbao inavimba na kunywea, nyuzi zinaota kutu, sufi ya nyundo inashika ukungu, na ukiitengeneza nota leo, mvua za masika zikija imeshapotoka. Mafundi wa kutuni nyuzi hapa pwani wanahesabika. Na ghorofa ya tatu Tudor bila lifti nani ataipandisha?

Mama Z, nikueleze upande wangu, mimi nazikutana nazo zikiwa wagonjwa.

Ya dijitali haihitaji kutuniwa, ila usidhani chumvi haiijui. Chini ya kila kibonye pana kijimpira chenye nukta mbili nyeusi za kaboni (kwenye FP-10 tatu). Ukibonyeza, nukta ya kwanza inagusa bodi, halafu ya pili. Mashine inapima muda baina ya miguso hiyo, na hapo ndipo inapojua umepiga kwa nguvu au taratibu. Vumbi au unyevu ukiingia hapo, kibonye kimoja kinaanza wazimu: unakigusa kwa upole kinapiga mayowe, au kinakaa kimya kabisa. Watu wananiletea wakilia piano imekufa. Haijafa. Ni skrubu nyingi za kufungua, kitambaa kisichotoa nyuzi, spiriti safi, na subira. Weka mbali na lile dirisha la maji, na kila ukimaliza ifunike. Leso inatosha. Plastiki usiweke, inafuga unyevu.

Stima sasa. Hapa ndipo Casio inawaacha wenzake: CDP-S110 inakubali betri 6 ndogo za AA. Taa zikizima mtoto anaendelea. P-45, P-145 na FP-10 hazina pa kutia betri. Zote zinakula volti 12 kutoka kwenye adapta ya nje, kwa hiyo wapo wanaozichomeka kwenye zile UPS ndogo (betri za akiba) za ruta ya intaneti zenye tundu la volti 12. Inafanya kazi, LAKINI soma ampea kwenye adapta yako na utazame mchoro wa chanya na hasi kwenye plagi. Ukigeuza, karibu Makupa.

MgeniLikoni

Fundi umenigusa kidonda kwa hilo la umeme. Mwaka juzi nilinunua piano ya dijitali ya mtumba, ile yenye kabati lake la mbao na pedali tatu, imetoka Japani. Muuzaji kaniapia iko sawa, kaniwashia palepale, ikalia vizuri sana. Sikuuliza kwa nini waya wake unapitia kwenye kijisanduku kizito kilichokaa chini ya meza. Nikaivusha ferry juu ya mkokoteni, nikafika nyumbani, nikachomeka ukutani. Ilipiga nota moja. Moja, wallahi. Halafu harufu ya mpira kuungua na moshi mwembamba ukatoka nyuma.

FundiWaMakupa

Pole sana. Japani umeme wao ni volti 100, wetu 240. Hicho kijisanduku kilikuwa transfoma ya kushushia. Hizi za kabati nyingi hazina adapta ya nje, umeme unaingia moja kwa moja ndani, kwa hiyo kinachoungua ni cha ndani. Kwa yeyote anayenunua ya mtumba: geuza, soma kibandiko. Kikisema 100–240V, chomeka. Kikisema 100V tupu au 120V tupu, usichomeke hata kwa sekunde. Kwa zile ndogo kama P-45 bahati ni kwamba adapta ikiwa si ya kwetu unabadilisha adapta peke yake.

Yakhe_MjiWaKale

Yakhe, niulize nami. Mimi ni mtu wa taarab, napiga harusini. Hizo piano mwazisifu hapa zaweza kupiga rasti, ile ngazi ya sauti ya Kiarabu? Maana nna kijana wangu ataka kujifunza, na sitaki nimnunulie kitu kisha aje aniambie hakimo.

MwalimuWaNota

Ami, nyimbo zenye lahani za Kihindi hazina shida, si zilipigwa kwa hamoniamu miaka yote hiyo? Na hamoniamu ina hizi hizi nota 12. Rasti ya udi ndiyo tatizo. Ikianzia C, inataka E na B zilizoshuka robo toni, na hizo hazimo kwenye P-45 wala wenzake. Zinatoa E kamili au E iliyoshuka nusu toni, katikati hakuna. Kwa kazi hiyo tafuta kibodi za mashariki, mfano Yamaha za PSR-A, zinazokuruhusu kushusha nota moja moja. Vibonye vyake ni vyepesi, lakini wewe hutafuti uzito, watafuta robo toni.

Yakhe_MjiWaKale

Umesema la maana. Basi huko kwenye nyundo nimewaachia wenyewe.

Bamburi_Usiku

Nimeombwa nitoe sababu faraghani kwa hiyo natoa hadharani. FP-10 ninayo mwaka wa nne. Vibonye ni kama mwalimu alivyosema. Ubaya wake: spika zinatazama chini, ukiiweka juu ya kitanda sauti inamezwa na godoro. Tundu la hedifoni ni dogo, lile la simu za zamani, kwa hiyo hedifoni za kawaida zinaingia. Kwenye P-45 tundu ni kubwa, utahitaji kichwa cha kubadilisha, na kitapotea, sijui kwa nini lazima kipotee. Na kubadili sauti kwenye FP-10 unashika kitufe huku unabonyeza kibonye fulani cha piano, bila kitabu hukumbuki. Mimi napigia sauti ile ile ya kwanza tangu nimeinunua.

MamaZ_Tudor

Nimerudi. Wiki tatu, samahanini, shule zilifunguliwa.

Jumamosi tulikwenda mjini mimi na binti. Duka la kwanza walikuwa na P-145 na Casio zimewashwa, FP-10 imo kwenye boksi na hawakutaka kuifungua. Duka la pili FP-10 ilikuwa nje. Nilifanya ule mtihani wa kumfunika mtoto aliyelala. Kwenye FP-10 nilikisikia hicho kijikwaruzo, kama kufuli ndogo inayoachia. Binti alipiga kipande chake cha mwalimu, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akianza kwa sauti ndogo halafu inapanda. Aliinua kichwa akanitazama. Muuzaji naye akanyamaza, na alikuwa hajanyamaza tangu tuingie.

Kwenye P-145 alipiga vizuri pia. Kuhusu Casio alisema "inarudi haraka", sijui maana yake ni nini lakini alikuwa anacheka.

Kisha nikaulizia bei ya FP-10 na stendi na pedali nzuri na kiti. Ilipita bajeti, na si kidogo. Sitaitaja, dola ikipanda wiki ijayo mtaniita mwongo.

Sasa kuna familia Nyali inahama, wanauza P-45 iliyotumika miaka mitatu, adapta yake halisi, pedali, hata boksi lipo. Bei karibu nusu ya mpya. Nitazame nini?

FundiWaMakupa

Boksi kuwepo ni dalili njema. Piga vibonye vyote 88, kimoja kimoja, kwanza kwa upole halafu kwa nguvu, usiruke hata kimoja. Usikubali wakupigie wao wimbo, wimbo unaficha. Tazama kwa pembeni, usawa wa vibonye: kilichozama kuliko wenzake kina kasoro. Sikiliza mgongano. Sufi ya ndani ikichoka kibonye kinagonga kama ubao mtupu. Tikisa waya wa adapta pale unapoingia. Vaa hedifoni usikilize pande zote mbili.

MwalimuWaNota

Na kama vibonye viko sawa, chukua bila kuona haya. P-45 nzima ni bora kuliko FP-10 ya mwakani. Stendi usinunue ile ya mkasi, inatikisika mtoto akikanyaga pedali na magoti hayapati nafasi. Tafuta fundi seremala akupigie meza ya miguu minne. Akikaa, viwiko viwe sawa na vibonye, kwa hiyo mpeleke na mtoto akapimwe.

MamaZ_Tudor

Nimenunua!

Vibonye 87 vilikuwa sawa. Kimoja kilichobaki, F moja ya upande wa kulia, kiliniruka kwa mayowe kila nikikigusa. Nilimwonyesha mama mwenye nyumba, akasema haya, nikupunguzie. Akapunguza. Fundi wa Makupa, nitakuandikia faraghani.

Kuileta ilikuwa vichekesho. Boksi lina urefu unaozidi mita moja na robo, tuktuk ya kwanza ilikataa, ya pili tukalipitisha kwa kulipindua, likatokeza upande mmoja, na dereva kutoka Nyali mpaka darajani anapiga honi watu wasilisogelee. Ngazi tumepanda wawili, mimi na mtoto wa jirani. Kilo 11 na nusu si kitu, shida ni kona za ngazi.

Seremala wa Mwembe Tayari kapiga meza ya mbao za mvule zilizobaki kwenye mlango wa mtu. Itatuzika sote.

Lakini nina maswali mawili, na la kwanza linanitia hofu. Piano inajizima yenyewe! Naiacha nikapike, nikirudi imezima. La pili, tangu jana pedali inafanya kinyume: nikikanyaga sauti inakatika, nikiachia inabaki inalia.

FundiWaMakupa

Hahaha. Tulia, haina ugonjwa.

Kujizima ni kawaida yake, ikikaa dakika 30 haijaguswa inajizima kuokoa umeme. Hutaki? Kwanza izime. Shika kibonye cha mwisho kabisa kushoto, kile kinene kuliko vyote, na ukiwa umekishika, iwashe. Basi, haitajizima tena.

Pedali: kuna mtu aliikanyaga wakati piano inawashwa. Inapowaka inaangalia pedali imekaaje na kudhani huo ndio mkao wa kupumzika. Zima, ondoa mguu kabisa, washa.

MamaZ_Tudor

Zote mbili zimepona. Aliyekanyaga ni mdogo wake, amekiri mwenyewe chini ya meza.

Nyali_Kwaya

Hongera sana. Ile ya 61 mwaiuza?

MamaZ_Tudor

Baba mtu hataki hata kusikia. Sasa anaipiga yeye, sambamba na binti, ile midundo yake. Mungu anipe hedifoni za pili.

Bamburi_Usiku

P-45 ina tundu moja tu la hedifoni. Utahitaji kigawanyishi.

MamaZ_Tudor

Nimeshaona. Na hicho kichwa cha kubadilisha ulichokitaja kimeshapotea, siku ya nne.

Swali la mwisho, kisha niwaache. Usiku saa nne nimevaa hedifoni zangu, najifunza taratibu, nyumba kimya. Jana asubuhi jirani wa chini kanisimamisha ngazini. Dada, samahani, siku hizi watwanga nini usiku? Nikamwambia situangi kitu. Akasema nasikia tup, tup, tup, nikadhani ni kitunguu saumu.

FundiWaMakupa

Ni vile vijinyundo. Sauti umeifunga kwenye hedifoni, lakini mgongano unashuka kwa miguu ya meza mpaka kwenye sakafu, na mvule inaupeleka vizuri sana. Kata vipande vinne vya mpira mnene, au lile godoro gumu la kuchezea mazoezi, weka chini ya kila mguu.

MamaZ_Tudor

Nimeweka. Ndala nne za zamani, nimezikata visigino. Jirani leo kapita ngazini hajasema kitu, ila kaniuliza huo wimbo wa binti unaitwaje, ule wa saa kumi jioni.